Kanisa Kuu la Mkunazini, Zanzibar: wana Moshi mkienda msiishie kwenye vile vyumba vya chini

Nyota 5 kwa kanisa lenyewe, naweka hapa mwanzo kabisa ili asiye na muda wa kusoma yote ajue msimamo wangu. Kanisa ninalosema ni lile la Anglikana pale Mkunazini, Mji Mkongwe, wengi wanaliita kanisa la soko la watumwa, jina lake rasmi ni Kanisa Kuu la Kristo. Tulienda na kikoba chetu cha Kiboriloni hapa Moshi, yaani kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Mwaka ule tulipovunja kikoba, badala ya kila mtu kuondoka na hela yake akaimalizie kwenye sikukuu, tukakubaliana tutenge kidogo tutembee, na kwa vile ndani ya kikundi tuna Walutheri, Wakatoliki na akina mama Waislamu pia, tukatafuta sehemu ambayo kila mtu atatoka na kitu.

Huku Moshi watu wananiuliza sana, sasa mtu unasafiri mpaka Unguja kwenda kuangalia kanisa wakati makanisa tunayo, Kristo Mfalme hapa mjini, Kilema na Kibosho kule juu misheni zimeanza tangu miaka ya 1890, unatafuta nini baharini? Jibu langu ni kwamba inafaa, tena sana, ila inategemea unaingiaje pale na nani anakutembeza, na hapo ndipo nataka kukaa maana nimeona watu wengi wanaenda wanarudi na picha za minyororo tu na kanisa hawajaliona.

Safari kwanza. Kutoka stendi ya Moshi mpaka Dar ni basi la kutwa, ukipanda la alfajiri jioni uko Mbezi, mnalala kwa ndugu, asubuhi boti. Boti za Azam zinaitwa Kilimanjaro, na mama mkubwa alivyoona jina la mlima wetu limeandikwa ubavuni mwa chombo cha baharini alifurahi mpaka akataka apigwe picha palepale huku foleni inamsukuma mgongoni. Kuvuka ni kama saa mbili kwa hizi za mwendo kasi. Bebeni vitambulisho, wanaangalia kwenye tiketi na wanaangalia tena mkipanda, na kama kuna wazee ambao hawajawahi kupanda boti chukueni ya asubuhi, mara nyingi bahari inakuwa imetulia kuliko mchana, afu wasipande wamekula wali maharage wakashiba, wanywe chai ya tangawizi tu. Wenye uwezo kuna ndege kutoka uwanja wa Kilimanjaro (KIA) mpaka Zanzibar moja kwa moja, hiyo ni ya kwao.

Mkishuka pale bandarini Malindi mtapokelewa na mapapasi. Hawa ni vijana wanaotembeza wageni bila kuwa waajiriwa wa mtu, wengine wanajua kazi vizuri na wanaishi kwa jasho lao, siwezi kuwasema wote vibaya. Sisi alitushika mmoja tangu getini, mcheshi, ana maneno matamu, bei yake nzuri ya kundi. Vijana wetu wakamfuata. Sisi tuliokuwa na wazee tukasema hapana, tutatembea taratibu tukamchukue mwongozaji wa palepale kanisani. Kutoka bandarini mpaka Mkunazini ni mwendo wa miguu tu, mnapita vichochoro, mkipotea muulize soko la Darajani kila mtu atawaelekeza, kanisa haliko mbali na hapo. Kwa hiyo kundi moja likaingia sehemu moja kwa njia mbili tofauti, na jioni tulipokaa bustani ya Forodhani pale ufukweni tukila urojo kila upande ukasimulia ulichoona ndo nikajua tofauti ilivyo kubwa.

Wale wa papasi walipelekwa moja kwa moja chini. Wakaingizwa kwenye vile vyumba viwili, giza, wakaambiwa hapa walilazwa watumwa kwa makumi, wakatishwa tishwa kidogo, wakapiga selfi wameshika minyororo shingoni, wakatoka nje kwenye sanamu wakapiga tena, kanisani wakachungulia mlangoni wakaambiwa "hili ni kanisa lilijengwa na Waingereza", basi, twende kwenye duka la viungo. Mdogo wangu alikuwa kwenye lile kundi, namuuliza umeona ule mduara mbele ya madhabahu, ananiuliza mduara gani?

Yaani nilisikitika. Maana ule mduara ndio kila kitu.

Sisi tulilipa pale dirishani, Mtanzania analipa kidogo kuliko mgeni wa nje, tukapewa kaka mmoja mpole, Mzanzibari, sauti ya chini, akawaamkia wazee wote mmoja mmoja shikamoo kabla hajasema kitu kingine. Akatuingiza kanisani kwanza, sio chini. Akatupitisha katikati mpaka mbele, akasimama, akatuambia tuangalie sakafuni. Mbele ya madhabahu pana duara la marumaru nyeupe limezungushiwa nyekundu. Halina urembo wowote. Akasema hapa ndipo uliposimama mti wa kuchapia, watu walikuwa wanafungwa hapa wanachapwa mbele ya wanunuzi, anayevumilia bila kulia bei yake inapanda, na ile nyekundu ni kwa ajili ya damu yao. Maaskofu walipojenga wakaamua madhabahu ikae hapahapa na sio sehemu nyingine yoyote ya kiwanja.

Hakuna aliyesema neno. Mama mkubwa akavua kandambili zake akaziweka pembeni, hakuambiwa na mtu. Mama mmoja wetu Muislamu akauliza kwa adabu kabisa kama na yeye anaweza kusogea, yule kaka akamwambia "karibu mama, hawa waliofungwa hapa ni wa kwetu sote," akasogea. Tukasimama pale muda, hakutuharakisha, na hilo ndilo ninalomsifia kuliko yote.

Sasa historia yenyewe, kwa wale ambao shuleni ilipita haraka. Soko hili lilikuwa moja ya masoko ya mwisho ya wazi ya watumwa kwenye pwani hii yote, na makadirio ya miaka ya 1860 yanataja watu elfu kumi na kitu mpaka 20,000 hivi kwa mwaka waliopitia Zanzibar, wengi wametokea upande wa Ziwa Nyasa wakashushwa Kilwa halafu wakapakiwa majahazi. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash akasaini mkataba wa kulifunga, na alisaini kwa sababu Waingereza kupitia balozi wao John Kirk walimtishia kuzingira kisiwa kwa manowari, hakuamka tu asubuhi akabadilika moyo. Wamisionari wa UMCA, ile misheni ya Kianglikana ya kutoka Uingereza, wakapata kiwanja, na Krismasi ya mwaka uleule jiwe la msingi likawekwa. Krismasi ya 1877 ibada ya kwanza ikafanyika ndani. Aliyesimamia ujenzi ni Askofu Edward Steere.

Na hapa mwongozaji wetu alipata heshima yangu yote maana hakutuambia kwamba 1873 kila kitu kikaisha watu wakaimba. Alisema wazi mkataba ulifunga soko na kupiga marufuku kuwasafirisha baharini, lakini utumwa wenyewe uliendelea majumbani na kwenye mashamba ya karafuu, sheria ya kuufuta Zanzibar ikaja 1897, na masuria wakasubiri mpaka 1909. Huku bara Tanganyika mpaka 1922, chini ya Mwingereza. 1922 jamani! Kuna watu wamezaliwa na wazazi waliokuwa hai wakati huo na wamekaa na sisi kwenye vikao vya ukoo.

Kwenye kundi letu alikuwepo baba mdogo, yeye ni mwashi, amejenga nyumba nyingi tu kuanzia Soweto ya hapa Moshi mpaka Himo, na baba mdogo alipoingia kanisani hakuangalia chini, aliangalia juu. Paa la lile kanisa halina kenchi wala boriti za mbao, ni kama pipa lililopasuliwa katikati likafunikwa juu ya kuta, limemwagwa kwa mawe ya matumbawe yaliyovunjwa vunjwa na kuchanganywa na saruji. Baba mdogo akawa anauliza, fomu waliweka vipi, walisimamisha na nini, hawakuwa na nondo, na yule kaka akamjibu alichokuwa anajua, kwamba hata wakati ule wapo waliosema litaanguka tu. Miaka karibu 150 bado liko. Limefanyiwa ukarabati mkubwa miaka ya karibuni maana unyevu wa bahari haumwachi mtu, lakini ni lilelile. Baba mdogo alikaa kwenye benchi amelegeza shingo nyuma anatazama mpaka tukamwita.

Kule nyuma karibu na kisima cha ubatizo kuna nguzo 12 ambazo ziko kichwa chini miguu juu. Ukiangalia vizuri utaona ile sehemu pana yenye nakshi, ambayo kwa kawaida inabeba uzito juu, iko chini sakafuni. Inasimuliwa kwamba Steere alikuwa amesafiri, mafundi walikuwa hawajawahi kuona nguzo za namna ile, wakazisimamisha walivyoona wao, askofu aliporudi akaziacha. Nilipenda kwamba hakuamuru zibomolewe. Majina ya wale mafundi sikuyaona yameandikwa mahali, lakini kazi ya mikono yao unaigusa, unaipapasa, na wale ambao wangeweza kuwa wameuzwa pale nje miaka michache nyuma ndio haohao kizazi chao kilichopandisha zile kuta.

Steere mwenyewe alifariki 1882 na amezikwa humohumo nyuma ya madhabahu. Huyu mzee nawaomba mkifika msimpite. Ukiacha ujenzi alikuwa amejifunza Kiswahili cha Unguja mpaka akakitungia sarufi na kamusi, akatafsiri Maandiko, na Kiswahili hichohicho cha Unguja ndicho mkutano wa Mombasa wa 1928 ulikichagua kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, ndicho tulichofundishwa shule ya msingi huku mlimani wakati nyumbani tunaongea Kichagga, na ndicho ninachoandikia hapa. Mimi sikuwa najua kwamba kuna uhusiano wowote kati ya lile kanisa na daftari langu la darasa la tatu, nimejulia pale.

Na sio wazungu peke yao. Kuna John Swedi, mtoto aliyeokolewa utumwani akasomeshwa na misheni, akapewa ushemasi 1879. Kuna Cecil Majaliwa, naye alikuwa mtumwa, akawa padri 1890, Mwafrika wa kwanza kwenye misheni ile. Nisingependa mtu atembelee pale atoke anamjua David Livingstone tu, yule mmisionari Mskoti aliyepinga utumwa.

Livingstone naye yupo, ila kwa msalaba. Ukutani upande mmoja pana msalaba wa mbao, hauna ukubwa wa kutisha, umechongwa kutoka kwenye mti wa kule Chitambo, Zambia ya leo, ambapo alifariki Mei 1873 na moyo wake ukazikwa chini ya mti huo. Mwili wake ulibebwa na watumishi wake Chuma na Susi na wenzao kwa miguu mpaka Bagamoyo, miezi karibu tisa, ndo ukapelekwa London. Kinachouma ni kwamba alifariki mwezi mmoja tu kabla mkataba haujasainiwa na soko hili kufungwa, hakujua. Kuna na dirisha la vioo vya rangi la kuwakumbuka mabaharia wa Uingereza waliokufa wakikimbiza majahazi ya watumwa, asubuhi jua likipiga linapendeza sana, simameni hapo.

Mnara wa saa mtauona nje. Wenyeji wanasimulia kwamba Sultani Barghash ndiye aliyetoa saa yenyewe kwa sharti kwamba mnara usizidi urefu wa jumba lake la Beit al-Ajaib. Sultani wa Kiislamu anachangia saa ya kanisa, na tukiwa pale uwanjani adhana ya adhuhuri ikaanza msikiti wa jirani, mama yetu Muislamu akaenda kuswali akarudi akatukuta bado tupo. Mambo ya Zanzibar hayo, nimeyapenda.

Sanamu sasa. Ukitoka kanisani uwanjani kuna shimo la mstatili limejengewa, ndani yake watu watano wamesimama, wamefungwa shingo kwa shingo kwa mnyororo. Ni kazi ya Msweden mmoja mama Clara Sörnäs, ya mwaka 1998, na minyororo ile sio ya kutengenezwa kwa ajili ya sanamu, ni minyororo halisi ya enzi zile. Watu wanasimama juu wanapiga picha wanaondoka. Nyinyi zungukeni taratibu muangalie nyuso, kila mmoja ana sura yake na hakuna hata mmoja anayemwangalia mwenzake, na kwa sababu wako shimoni na wewe uko juu unajikuta umesimama palepale alipokuwa anasimama mnunuzi. Hilo sikuambiwa na mtu, nililihisi mwenyewe miguuni na nikarudi nyuma hatua moja.

Halafu ndo vyumba vya chini. Hapa naomba mnisome vizuri wasije watu wakasema nimedai utumwa haukuwepo. Vile vyumba viko chini ya jengo la St Monica, ni vifupi, unainama, kuna vibaraza vya mawe na vitundu vidogo vya hewa, ukikaa mle na watu kumi tu joto linapanda na kifua kinabana. Karibu kila mtembeza wageni atakuambia humu ndimo walimowekwa wakisubiri mnada. Lakini jengo la St Monica lilijengwa na wamisionari baada ya soko kufungwa, na wapo wanahistoria ambao wanasema kwa sababu hiyo vyumba vile haviwezi kuwa vilitumika kwa watumwa, vilikuwa stoo. Yule kaka wetu nilipomuuliza pembeni hakukwepa, aliniambia "dada, tunasimulia tulivyopokea, lakini mahali ambapo hapana ubishi ni pale juu nilipowasimamisha mwanzo."

Hiyo sentensi ndiyo imenifanya niandike hii yote. Mateso yale yalitokea, mashahidi walioandika ni wengi, wazungu waliotembelea soko wameandika, waliookolewa wenyewe wamesimulia, hakuna haja ya kuyatilia chumvi kwa giza na kelele. Kwa hiyo ukishuka shuka, mimi nilishuka na sijutii, lakini usifanye ndio ziara yako. Palipo na uhakika ni sakafu ya kanisa. Na papasi anayewapitisha juu dakika tano halafu anawakalisha chini nusu saa anawanyima kitu mlichokifuata kutoka mbali.

Kwenye jengo hilohilo la St Monica kuna maonyesho, mabango makubwa ukutani yanayoeleza biashara ya watumwa ya Afrika Mashariki kuanzia inavyoanzia bara, njia za misafara, bei, mpaka inavyokomeshwa. Haya yana uzito kuliko vile vyumba, yatengeeni muda wa kutosha kusoma. Kuna ramani ya njia za misafara, na mtu wa Kilimanjaro ukisimama mbele ya ramani hutaondoka kama ulivyokuja. Sisi huku tuna tabia ya kusikiliza habari za utumwa kama ni mambo ya watu wa pwani na watu wa kusini, sisi tulikuwa mlimani na migomba yetu. Sio kweli. Misafara kutoka Pangani ilikuwa inafika mpaka Uchagani kutafuta pembe za ndovu, na watu pia. Mangi (mtawala wa Kichagga) Rindi wa Old Moshi, yule wazungu walimwita Mandara, alikuwa anapokea wafanyabiashara wa pwani na mateka wa vita vya mangi kwa mangi waliuzwa kwao. Walioteremshwa kutoka huku hawakwenda kwa hiari na wapo waliofika baharini. Nilimwambia mama mkubwa hayo tukiwa mbele ya bango, akanyamaza, akasema bibi yake alikuwa akiwatisha watoto wasiende mbali na kihamba, shamba la migomba la nyumbani, "watakuja kukuchukua watu wa pwani", na wao walidhani ni hadithi za kulazia watoto. Tukarudi kanisani mara ya pili kwa sababu yeye alitaka kusali.

Ndiyo maana nasema kwa mwana Moshi au mwana Arusha hii sio ziara ya utalii wa kawaida.

Kwa Wakatoliki wenzetu, mkishakuwa pale nendeni na St Joseph, minara yake miwili mtaiona tangu mkiwa kwenye boti, ni kanisa la miaka ya 1890 lililojengwa na Mapadri wa Roho Mtakatifu, na hao ndio shirika lilelile lililopanda mpaka Kilema mwaka 1890 kutokea pwani, kwa hiyo mnakwenda kuona nyumbani walikotokea waliowaletea misheni. Milango mara nyingi inafunguliwa wakati wa misa kwa hiyo pangeni na misa, mkienda saa nyingine mtaangalia ukuta. Ndani kuna michoro mizuri. Beit al-Ajaib msiijengee hesabu, sehemu ya mbele iliporomoka Desemba 2020.

Kama mnaweza kukaa mpaka Jumapili kaeni, muingie ibada ya Kiswahili pale Mkunazini. Ulizeni siku moja kabla saa ngapi. Mimi ni Mlutheri, liturujia yao ni tofauti kidogo na yetu, wanapiga magoti zaidi, lakini nyimbo kadhaa tuni nazijua, baba mdogo akatoa besi yake ileile ya usharikani, watu wakageuka kuangalia huyu ni nani. Waumini sio wengi, Zanzibar Wakristo ni wachache, lakini wanaimba kweli. Na wakati wa kushiriki watu wanajipanga kwenda mbele, wanapita pembeni mwa ule mduara kwenda kupokea mkate. Hapo ndipo nilielewa kwa nini waliijenga madhabahu pale. Picha haiwezi kukupa hiyo, na siku ya kazi ukija kama mgeni hutaiona.

Mambo madogo madogo ya kuzingatia. Vaeni heshima, magoti na mabega yafunikwe, kitenge au khanga begani inatosha, na hii ni kwa ajili ya mtaa mzima sio kanisa tu, mji ule ni wa Kiislamu na watu wanaheshimu mgeni anayejiheshimu. Joto lake sio la Moshi, maji kila mtu abebe. Masika ya Aprili na Mei vichochoro vinajaa maji, msiende. Wazee wenye matatizo ya magoti wasishuke vile vyumba, ngazi ni mbaya na dari iko chini, wabaki kanisani na mtu mmoja awe nao, hawatakosa kitu cha maana kama nilivyosema. Mwongozaji wa palepale mpeni chochote mkono kwa mkono mkimaliza, kazi yao ni ngumu, kusimulia mambo yale kila siku kwa watu wanaocheka na simu. Na tafadhali, wale wenye tabia ya kujivisha minyororo shingoni ili wapige picha, kwa heshima ya waliovishwa bila kutaka, acheni. Niliwaambia vijana wetu jioni ileile Forodhani na wengine walizifuta palepale.

Chakula hakuna shida, pale Mkunazini migahawa ya kawaida ipo, pilau na samaki wa nazi kwa bei ya mtu wa kawaida, Lukmaan iko karibu tu na kundi kubwa linakaa bila taabu. Usiku ni Forodhani.

Walimu walioniuliza kuhusu kuleta wanafunzi: sekondari leteni, tena somesheni hii mada kabla hamjaja ili wasije wanashangaa shangaa, na piga simu mapema muulize bei ya vikundi vya shule. Wa msingi madarasa ya chini mimi nisingewaingiza kwenye maonyesho, kuna michoro na maelezo mazito kwa umri wao, waonyesheni kanisa, nguzo zilizogeuzwa na sanamu, mwalimu mmoja akae nao uwanjani kwenye kivuli wakati wakubwa wanasoma mabango.